Haidrojeni Si Mpya: Uliza Nani Ameshika Swichi

Septemba 2023, Nairobi ikiwa imejaa wageni wa mkutano wa tabianchi wa Afrika, serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani. Wengi wetu tuliipita hiyo habari vile mtu hupita tangazo la mkopo wa simu. Haidrojeni ni ya nini? Inaliwa? Halafu stori yenyewe ni ya Naivasha, na sisi tuko Kwa Vonza, barabara ya Machakos kwenda Kitui, mahali ambapo mtu akitaja mambo ya hewa anaulizwa kwanza kama mvua iko njiani.

Lakini ndani ya ule mkakati kulikuwa na kitu kinatuhusu sana: mbolea. Hatua ya kwanza ilikuwa Kenya ijitengenezee tani 100,000 za mbolea ya naitrojeni kwa mwaka kufikia 2027, badala ya kungoja meli Mombasa. Kama kwenu mnapanda mahindi, unakumbuka 2022. Gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000. Baadaye ikaja ruzuku, likashuka hadi 3,500, na mwaka uliofuata 2,500. Tukashangilia, na haki yetu. Ila ruzuku haikufanya mbolea iwe rahisi kutengeneza. Ilihamisha bili tu, kutoka mfuko wa mzazi wako hadi mfuko wa serikali, ambao pia ni wa mzazi wako.

So wakati mtu anakuambia kuna teknolojia ya kutengeneza mbolea kutoka maji, hewa na joto la chini ya ardhi ya Kenya, usicheke. Sayansi yenyewe ni ya kweli na imekuwa hapa kitambo. Mimi nimeisoma historia yake nikapata jambo moja linarudi kila mara: hii kitu haijawahi kuuawa na kemia. Imeuawa na bei ya mafuta, na mtu aliyeshika swichi ya stima. Hapo ndipo sisi tunafaa kuangalia.

Mbolea ni stima iliyovaa gunia

Twende polepole. Mmea unahitaji naitrojeni. Hewa imejaa naitrojeni, karibu asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuinyonya hivyo. Ndengu zetu ziko na bahati, mizizi yake inaishi na bakteria wanaozitengenezea. Mahindi hayana hao marafiki. Kwa hivyo kiwandani watu huchukua naitrojeni ya hewa, wanaiunganisha na haidrojeni, wanapata amonia, na amonia ndiyo mama wa CAN, yurea na wenzao.

Haidrojeni sasa inatoka wapi? Siku hizi sana sana gesi asilia. Ndiyo sababu vita vya Urusi na Ukraine vilipofanya gesi ipande bei Ulaya, gunia likapanda hadi kwenye agroveti ya mtaani kwenu. Mkulima wa Ukambani alikuwa analipa bili ya gesi bila kujua.

Njia nyingine ni kupasua maji kwa stima. Hiyo inaitwa elektrolisisi, na ina zaidi ya miaka 200. Mwaka 1800, Alessandro Volta alipotangaza betri yake ya kwanza, Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walijitengenezea ya kwao London, wakatumbukiza nyaya kwenye maji, wakaona mapovu. Upande mmoja haidrojeni, upande mwingine oksijeni. Hawakungoja hata mwaka uishe.

Shida ya kupasua maji ni kwamba inakula stima vibaya. Elektrolaiza ya kawaida hutumia karibu uniti 50 hadi 55 kwa kilo moja ya haidrojeni. Uniti ni zile zile unanunua kwa tokeni. Gunia moja la CAN la kilo 50 linabeba kilo 13 za naitrojeni, na kupata hiyo naitrojeni kama amonia unahitaji karibu kilo 3 za haidrojeni. Hiyo ni uniti 150 ndani ya gunia moja, kabla hujalipa mfanyakazi, lori wala gunia lenyewe.

Shika hiyo 150, tutairudia.

Taa iliyokataa kuwaka ikiwa baridi

Sasa tuingie kwa ile teknolojia ya joto kali. Wazo ni rahisi. Ukipasua maji yakiwa baridi, stima inafanya kazi yote peke yake. Ukiyapasua yakiwa tayari ni mvuke wa moto sana, nyuzi 700 hadi 850, joto linabeba sehemu ya mzigo na stima inabaki na kazi ndogo. Ni kama kusukuma mkokoteni: mtu akikusaidia nyuma, wewe unatumia nguvu kidogo, ingawa mkokoteni ni ule ule.

Hakuna maji ya kawaida kwenye joto hilo, kwa hivyo huwezi kutumia beseni na nyaya za Nicholson. Unahitaji kitu kigumu kinachovumilia moto na kinachopitisha oksijeni. Hicho kitu ni kauri, ya ukoo mmoja na kikombe chako cha chai, imetengenezwa na zirkonia iliyochanganywa na itriamu kidogo. Ikiwa baridi haipitishi chochote. Ikipashwa moto sana, chembe za oksijeni zinapita ndani yake kama watu wanaopita geti.

Mjerumani Walther Nernst aligundua hiyo tabia mwishoni mwa miaka ya 1890. Hakuwa anafikiria haidrojeni, alikuwa anafikiria taa. Taa ya Nernst ilikuwa na kijiti cha hiyo kauri, na ilibidi kipashwe moto kwanza ndio stima ipite na kiwake. Iling'aa sana, hata ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Halafu zikaja balbu za waya wa chuma ambazo hazihitaji kupashwa, na taa ya Nernst ikaenda kabatini.

Mwaka 1937, Emil Baur na mwenzake Preis, huko Uswisi, walitumia kauri za aina hiyo kutengeneza seli ya mafuta, yaani kifaa kinachotoa stima kutoka gesi kwenye joto la karibu nyuzi 1,000. Ukiendesha kifaa kama hicho kinyumenyume, ukiingiza stima na mvuke, unapata haidrojeni. Lakini dunia ilikuwa na mafuta ya bei rahisi. Kabatini tena.

Ikaja 1973. Nchi za Kiarabu zikafunga mafuta, bei ikaruka, na Ulaya ikaanza kutafuta njia nyingine kwa nguvu. Kampuni ya Dornier ya Ujerumani ikaanzisha mradi ulioitwa HOT ELLY, wa kupasua mvuke kwa hizo seli za kauri. Ilifanya kazi. Walionyesha kwamba unaweza kutengeneza haidrojeni kwa stima kidogo kuliko njia ya kawaida. Halafu 1986 bei ya mafuta ikaporomoka, na kabla ya miaka ya 1990 kuanza vizuri mradi ulikuwa umewekwa kando. Hakuna mtu alithibitisha kwamba haiwezekani. Pesa tu iligeuka ikaenda kwingine.

Unaona huo mchezo? Mafuta yakipanda, wanasayansi wanaitwa. Yakishuka, wanaambiwa waende nyumbani. Nchi ambayo inangoja bei ndiyo iipangie akili huwa inaanza upya kila mara.

Safari hii imerudi na nguvu. Dresden kuna Sunfire, Denmark kuna Topsoe, Marekani kuna Bloom Energy na maabara ya taifa ya Idaho. Mwaka 2023 Sunfire waliweka mtambo wa megawati 2.6 kwenye kiwanda cha mafuta Rotterdam, na Bloom wakawasha wa megawati 4 kwenye kituo cha NASA kule California. Na kama unataka ya kuambia marafiki: seli ya ukoo huo iko Mars. Kwenye gari la Perseverance kulikuwa na kifaa kinaitwa MOXIE. Tarehe 20 Aprili 2021 kilipasha hewa ya Mars hadi nyuzi 800 na kutoa gramu 5.37 za oksijeni, ya kumtosha mwanaanga kupumua kama dakika 10. Pale kilipasua kaboni dioksidi, si maji, lakini kauri inafanya kazi ile ile.

Si ati shida zimeisha. Kauri ni kauri. Ukiipasha na kuipoza mara kwa mara inapasuka, na hata ikikaa moto, nguvu yake inapungua pole pole. Haipendi kuzimwa na kuwashwa. Inapenda joto la kudumu na stima isiyokatika. Kumbuka hiyo pia.

Afrika ilishafanya, ikazimiwa

Hapa ndipo nilishangaa. Tunaambiwa haidrojeni ya kijani ni ya kesho, na kwamba Afrika inaingia mlangoni kwa mara ya kwanza. Manze, Afrika ilishaingia, ikatengeneza, na ikatoka.

Mfano mmoja mkubwa ulikuwa Norway. Kampuni ya Norsk Hydro ilikuwa na maporomoko ya maji mengi na watu wachache wa kutumia stima, kwa hivyo mwaka 1929 wakaanza kutengeneza haidrojeni kwa kupasua maji pale Rjukan, na kutoka hapo mbolea. Tawi la mbolea la kampuni hiyo ndilo leo linaitwa Yara, jina unaloliona kwenye magunia ya agroveti zetu. Waliohama kutoka maji kwenda gesi ni hao hao, baada ya gesi kuwa rahisi.

Misri nao walifanya hivyo Aswan. Kiwanda cha KIMA, miaka ya 1960, kilitumia stima ya Mto Nile kupasua maji na kutengeneza mbolea ya wakulima wa Misri. Kilifanya kazi kwa miongo. Baadaye kikahamia gesi asilia.

Na Zimbabwe, mji wa Kwekwe, kulikuwa na Sable Chemicals. Kuanzia miaka ya 1970 walipasua maji kwa stima ya bwawa la Kariba, wakatengeneza amonia, na kutoka amonia wakatengeneza mbolea ya nchi yao. Takriban miaka 40. Hakuna mtu aliiita ya kijani, ilikuwa tu kazi. Mwaka 2015 ile sehemu ya kupasua maji ikafungwa. Zimbabwe ilikuwa na upungufu mkubwa wa stima, na mtambo unaokula stima kama ule haukuweza kubaki. Baada ya hapo Kwekwe ikawa inaletewa amonia kutoka Afrika Kusini.

Soma hiyo aya tena. Mashine hazikukosa wafundi, na kemia haikubadilika. Siku stima ilipokuwa haitoshi, mtu alilazimika kuchagua kati ya nyumba za watu na kiwanda cha mbolea, na kiwanda kikapoteza. Hata mimi ningechagua nyumba. Lakini swali ni kwa nini nchi ilifika mahali pa kuchagua.

Sasa Olkaria

Kenya tuko na kitu ambacho Kwekwe haikuwa nacho: joto lenyewe, siyo stima tu. Na kulitumia si jambo la jana. Eburru, juu ya Naivasha, kisima cha mvuke kilikuwa kinakausha pareto tangu 1939, na wenyeji wamekuwa wakikinga mvuke unaotoka ardhini, unapoa, wanapata maji ya kunywa. Olkaria walichimba visima viwili kuanzia 1956, wakakata tamaa wakaviacha. Miaka ya 1970 wakarudi, na 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka. Leo jotoardhi ni zaidi ya megawati 900 na hutoa karibu nusu ya stima yetu. Na mwaka 2003 shamba la maua la Oserian lilianza kutumia hilo joto moja kwa moja kupasha vitalu vyao. Waridi zetu zilijua faida ya joto kabla ya mahindi yetu.

Hesabu ya kwa nini hili ni muhimu haihitaji digrii. Mimi sina na nimeipiga kwa kalamu. Kilo 1 ya haidrojeni inahitaji kilo 9 za maji. Kuyachemsha maji hayo kutoka baridi hadi yawe mvuke yanakula kama uniti 6 na nusu. Kwa mtambo wa kauri, hiyo kazi ya kuchemsha inaweza kufanywa na joto la Olkaria badala ya stima. Mvuke wa ardhini wenyewe umebeba gesi chafu kama haidrojeni salfaidi, kwa hivyo huwezi kuutia moja kwa moja kwenye seli, unatumia joto lake kuchemsha maji safi. Kutoka hapo hadi nyuzi 800 bado kuna safari, na hiyo inamaliziwa na stima na joto la seli zenyewe. Mwisho wa siku, mtambo wa aina hii ukipewa mvuke bure hutumia karibu uniti 40 kwa kilo badala ya 50 na kitu.

Rudi kwa gunia letu. Uniti 150 zinakuwa 120. Tuseme kiwanda kimepewa stima kwa shilingi 10 kwa uniti. Gunia linatoka stima ya shilingi 1,500 hadi 1,200. Safi. Sasa tuseme bei ni shilingi 20. Hata na teknolojia mpya kabisa, stima peke yake ni 2,400, karibu na bei ya gunia zima la ruzuku. Kwa hivyo teknolojia imekuokolea 300, na bei ya stima imekunyang'anya 1,200. Hiyo ndiyo sababu nasema usishikwe sana na picha za mashine zinazong'aa. Mkataba wa stima na mvuke ndio unaamua kama hiyo mbolea itafika Kwa Vonza ama itapanda meli.

Na stima ya usiku iko. Tunapolala, mahitaji hushuka, na mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa sababu hakuna mtu wa kuutumia. Kisima cha jotoardhi hakifungwi kama mfereji. Ile seli ya kauri isiyopenda kuzimwa na huo mvuke usiopenda kufungwa, hao wawili walifaa kujuana. Lakini wawekezaji wanaotajwa Naivasha si wote watakuja na mawazo ya gunia lako. Wengine wanaangalia soko la Ulaya, na wako na haki ya kuangalia. Sisi ndio tunafaa kujua tunataka nini. Tayari karibu na Naivasha kuna kiwanda kidogo cha kampuni ya Kimarekani, Talus, kwenye shamba la Kenya Nut, kilichopangwa kutoa tani moja ya amonia kwa siku kwa stima ya jua. Ni kidogo, lakini mbolea yake inatumika pale pale. Huo mpango naupenda zaidi kuliko ramani kubwa.

Wasee wa Kitui tuko na sababu yetu ya kuuliza maswali mapema. Bonde la Mui, upande wa pili wa kaunti yetu, liliambiwa liko na makaa ya mawe, zaidi ya tani milioni 400 kwenye eneo moja tu. Mwaka 2011 kampuni ya Kichina, Fenxi, ikapewa maeneo mawili, na 2013 makubaliano ya kugawana faida yakatiwa sahihi. Mpaka leo hakuna makaa yametoka. Familia zimekaa miaka bila kujua kama zijenge, zipande miti au zingoje kuhamishwa. Simlilii makaa, hata yabaki chini. Ninacholia ni ule muda wa watu. Na Olkaria yenyewe, 2014, Wamaasai wa vijiji vinne walihamishwa kupisha Olkaria IV wakapelekwa mahali panaitwa RAPland, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia, ikabidi upatanisho. Nishati safi pia huhamisha watu.

Kwa hivyo mkisikia mradi wa haidrojeni, kwenye redio, kwenye baraza ama kwa vidio ya mheshimiwa akiwa na kofia ya ujenzi, ulizeni haya matatu. Stima na mvuke vimewekewa bei gani, na kwa miaka mingapi? Stima ikipungua, nani anazimiwa kwanza? Na magunia mangapi kati ya yale yatakayotoka yanabaki Kenya, kwa bei ya nani?

Kuna swali la nne, na hili ni la wale mko hapa chuo kikuu cha SEKU. Hiki chuo kilianza kama Taasisi ya Kilimo ya Ukamba. Kilikuwa mahali pa kufikiria udongo na chakula kabla kiwe mahali pa kufikiria alama. Seli za kauri zitakapokuja zitapasuka, kwa sababu ndivyo zilivyo, na mtu atahitajika kuzitoa, kuzipima na kuweka nyingine. Dornier ilipofunga mradi, bado Ujerumani ilibaki na watu wanaojua kazi, na leo Dresden iko mbele. Sisi tukikodisha ardhi na joto tu, siku bei ya mafuta itashuka tena wenye mashine watazibeba waende nazo, na hatutabaki hata na mtu mmoja wa kuiwasha upya.

Nimemaliza. Kama kwenu mlinunua mbolea msimu huu, andikeni hapo chini bei na mahali mlinunua. Nataka tuweke rekodi yetu wenyewe, ili siku wakija na ahadi ya gunia rahisi tuwe na namba ya kulinganisha.